Chungu Kilichoachwa Motoni

Shuka lilikuwa la kitanda, jeupe, limefungwa kwa kamba kati ya nguzo ya kengele na mparachichi uliokuwa nyuma ya kanisa. Jenereta waliiweka mbali, upande wa vyoo, ili isitupigie kelele, lakini upepo uliirudisha sauti yake kwetu vilevile. Ilikuwa Julai, na Julai ya Tukuyu ni ya kujifunika blanketi tangu saa moja jioni. Ukungu ulikuwa ukipita mbele ya taa ya projekta, na kila ulipopita, nyuso za Wazungu kwenye shuka zilififia kisha zikarudi. Nilikuwa na miaka tisa. Mwinjilisti mgeni alisimama kando na kipaza sauti, akitufasiria maneno ya kila mtu kwa sauti yake ileile moja, ya waume na ya wake.

Ikafika mahali mwanamke anaamka. Redio inasema watu wametoweka duniani kote. Anamwita mumewe, haitikiwi. Anaingia bafuni, na pale kwenye sinki mashine ya umeme ya kunyolea ndevu inanguruma peke yake, hakuna mkono ulioishika. Mwinjilisti alinyamaza, kwa kuwa hapakuwa na neno la kufasiri. Zikabaki ngurumo mbili, ya jenereta yetu na ya ile mashine, na mimi sikuweza kuzitenganisha. Mume amenyakuliwa. Mke amebaki.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule nikakuta chungu cha maharage kiko motoni, kinachemka, povu linamwagikia majivu, mwiko umelazwa juu ya kifuniko. Jikoni hapakuwa na mtu. Nikaita. Sebuleni hapakuwa na mtu, chumbani kwa Mama khanga yake imetupwa kitandani kama iliyovuliwa ghafla. Nilijua papo hapo kilichotokea. Nilisimama uani nikilia bila sauti, maana niliona hata kulia hakuna faida tena, mlango umeshafungwa.

Nilimkuta Bibi kwenye migomba. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, karibu na kile kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe ambacho sisi watoto tulikatazwa kukikanyaga na hatukuambiwa ni cha nini. Alikuwa akisali kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia ua. Aliponiona alinyoosha mkono.

"Mume wangu, nani kakupiga?"

Nikamwambia. Nikasema nilidhani Yesu amekuja, amewachukua wao, ameniacha mimi. Bibi hakucheka. Alinipangusa kamasi kwa pindo la khanga yake akasema, "Akija nitamwambia mume wangu bado yuko shule, tumsubiri."

Mama alikuwa amekwenda mtoni.

*

Nikiwa mtu mzima niliiona tena ile mashine ya kunyolea ndevu, safari hii kwenye kioo cha kompyuta, nikajua jina la filamu: A Thief in the Night, ya mwaka 1972. Jina limetolewa katika barua ya Paulo kwa Wathesalonike. Iliongozwa na Donald W. Thompson, akishirikiana na mtayarishaji Russell Doughten, huko Des Moines, jimbo la Iowa, mbali kabisa na Hollywood na mabenki yake. Inatajwa kuwa iligharimu kama dola 68,000, na wengi waliocheza humo hawakuwa waigizaji wa kazi. Haikutegemea majumba ya sinema. Ilizungushwa makanisani, kwenye kumbi za shule na kambi za vijana, mikanda ya filamu ikisafiri katika mabuti ya magari ya wachungaji. Baadaye zikafuata sehemu tatu, A Distant Thunder, Image of the Beast na The Prodigal Planet, hadi mwaka 1983, zenye chapa ya mnyama na mashine ya kukatia vichwa wale wanaoikataa.

Wanaoandika historia ya filamu za kutisha huiruka, kwa sababu waliotengeneza walisema wanahubiri. Mimi naihesabu. Mtoto aliyelala macho wazi usiku kucha hajali mtengenezaji aliita kazi yake jina gani.

Na kuna ufundi mle, nao umetokana na uchache wa fedha. Mtu akitaka kumwonyesha shetani kwenye filamu atahitaji vipodozi, mpira, damu ya kutengeneza na fundi wa taa. The Exorcist, ya kampuni kubwa ya Warner Bros. na ya mwaka mmoja tu baadaye, ilitumia mamilioni ya dola kumwonyesha binti mmoja aliyepagawa. Lakini akitaka kuonyesha unyakuo, inatosha kumwambia mwigizaji atoke nje, kisha awashe kamera tena. Kinachotisha ni pengo. Sinki, chungu, kiatu kimoja barabarani. Thompson na Doughten hawakuwa na kitu cha kutuonyesha, wakatuonyesha hivyohivyo kwamba hakuna kitu, na vyombo vya nyumbani vikageuka mashahidi dhidi yetu.

Filamu ilipokwisha usiku ule, taa ya projekta iliachwa ikiwaka juu ya shuka tupu. Mwinjilisti akauliza nani yuko tayari. Nilinyoosha mkono. Nilinyoosha tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine kwenye mkesha, na mwingine kwenye mkutano wa hadhara. Kabla sijafika miaka kumi na tano nilikuwa nimeokoka mara sita, na mara zote sita nilikuwa nakimbia kitu. Hakuna hata mara moja niliyokuwa namkimbilia mtu. Lugha yetu imeziweka hizo mbili karibu hivyo, silabi moja tu inazitenganisha, na nimetumia sehemu kubwa ya utu uzima wangu nikijaribu kuivuka hiyo silabi.

*

Kulikuwa na wengine waliotengeneza filamu za namna hiyo. Ron Ormond alikuwa mtengenezaji wa filamu za bei rahisi za Marekani, za wapanda farasi na za maajabu, mpaka aliponusurika ajali ya ndege akageukia dini. Akaungana na mhubiri wa Kibaptisti wa Mississippi, Estus Pirkle, na mwaka 1974 wakatoa The Burning Hell: moto, mabuu, watu wanaopiga mayowe. Fundi alibadili imani, zana zake akabaki nazo. Sisemi hakuwa mkweli. Naamini alikuwa mkweli kabisa, na ndiyo maana filamu ile inauma. Mtu aliyeona kifo kwa macho yake alitaka kuwaokoa jirani zake, na njia pekee aliyoijua ya kuwashika ilikuwa koo.

Huku Afrika kazi hiyo ilipokewa na kanda za video. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage kwa lugha ya Igbo, ikaongozwa na Chris Obi Rapu, na wengi huhesabu biashara ya Nollywood kuanzia hapo. Andy anamtoa mkewe Merit kafara ili atajirike. Mzimu wa Merit unamwandama mpaka anarukwa na akili, na anayemwokota jalalani ni mwanamke aliyeokoka, anayempeleka kanisani. Sina ugomvi na filamu ile. Ndani yake kuna huzuni ya kweli ya mji wa Lagos, wa kijana anayeona wenzake wakipita kwa magari na yeye yuko kwa miguu, na uovu wake ni wa kwake mwenyewe: yeye alichagua, yeye analipa.

Nina ugomvi na iliyofuata njia hiyo akalipishwa mtoto. End of the Wicked, ya mwaka 1999, iliandikwa na mhubiri Helen Ukpabio na kuongozwa na Teco Benson. Humo watoto wanakutana usiku mbele ya mkuu wa giza na kutumwa kuwaangamiza wazazi wao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwamba inachochea watu kuwashutumu watoto wao uchawi, Ukpabio alikana. Sitadai kwamba filamu moja inaweza kumfukuza mtoto nyumbani. Lakini katika jimbo la Akwa Ibom huko Nigeria, na Kinshasa pia tangu miaka ya 1990, watoto wamefukuzwa, wamefungwa, wamenyimwa chakula na kuchomwa kwa jina la kuombewa, na mtu anayejua kwamba jirani yake anaamini hivyo ana deni anaposhika kamera. Kwenye shuka la Tukuyu aliyetishwa nilikuwa mimi. Katika filamu hizi anayegeuzwa kitisho ni mimi, mtoto wa miaka tisa, na mtazamaji anafundishwa kuniangalia mezani wakati wa chakula.

Mtu aliyejibu hilo kwa filamu ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji. Jina lake lina mzizi uleule wa kuloga, na Mswahili wa Katanga akilisikia anasikia wachawi. Kijana akienda na jina hilo shuleni, dukani, mpakani, anakwenda na shutuma. Katika Augure, iliyopata tuzo ya sauti mpya huko Cannes mwaka 2023, mwanamume anarudi Kongo na mchumba wake Mzungu, anapewa mtoto mchanga wa dadake ampakate, na pua yake inatoka damu, tone likamwangukia mtoto. Basi. Ukoo mzima unasimama. Hakuna pepo anayeonekana. Kinachoonekana ni jinsi mikono ya ndugu inavyomnyang'anya mtoto kwa haraka.

*

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini filamu mbili tatu za miaka ya karibuni, zilizotengenezwa na watu wasiohubiri chochote, zimenirudisha kwenye sala kuliko zile zilizotengenezwa ili nisali. Jibu nililo nalo ni hili. Filamu ya mahubiri inajua jibu kabla sala haijaanza. Mtu anapopiga magoti mle, sisi watazamaji tumeshaambiwa nani atamwitikia. Sala yenyewe ikawa kama kubonyeza swichi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusali kwa dhati, usiku, mgonjwa akiwa kitandani, anajua kwamba sivyo ilivyo. Unaita gizani. Ukisikia kitu, hujui kama ni Yeye, au ni wewe, au ni mwingine.

Saint Maud, filamu ya kwanza ndefu ya Mwingereza Rose Glass, ilionyeshwa Toronto mwaka 2019. Maud, anayechezwa na Morfydd Clark, ni muuguzi wa tiba shufaa katika mji mmoja wa pwani ya Uingereza, mji wa mashine za kamari na mvua ya ubavu. Ameongoka karibuni kuwa Mkatoliki. Anamhudumia Amanda, mcheza dansi mashuhuri anayekufa kwa saratani, na anaamini Mungu amempa kazi ya kuiokoa roho hiyo kabla haijaondoka. Anasali siku nzima, jikoni, kwenye ngazi, akikoroga supu. Kwanza ni sala za kawaida kabisa, zenye manung'uniko kidogo, za mtu anayemweleza bosi wake yaliyotokea zamu ya jana. Wauguzi wetu wengi wangemtambua.

Naileta karibu sehemu moja. Amanda amemgeukia, kazi imepotea. Maud amerudi kwenye chumba chake cha kupanga, kitanda kimoja, jiko moja, taa ya manjano. Anapanga misumari midogo ndani ya viatu vyake vya raba, ncha zikitazama juu. Anavivaa. Anafunga kamba, taratibu, kwa usafi wa mtu aliyefundishwa kufunga bendeji. Kisha anatoka kutembea mjini, kati ya watu wanaokula chipsi, na kila hatua uso wake unaonyesha kitu ambacho sikupata kukiona kwenye filamu yoyote ya mahubiri: maumivu na furaha havikukaa kwa zamu, vimekaa pamoja. Glass hamcheki. Hatuambii ni mwendawazimu ili tupumzike. Anatuacha tutembee naye.

Na Mungu anapomjibu, anamjibu kwa Kiwelshi.

Niliposikia hilo nilinyanyuka kitini. Clark amekulia Wales na anakisema Kiwelshi. Sauti ya Mungu katika filamu ni sauti yake mwenyewe, imeteremshwa hadi ikawa nzito kama inatoka chini ya sakafu. Maud ameishi filamu nzima kwa Kiingereza, amebadili hata jina, na sasa kinachomwita kinatumia lugha ya nyumbani alikotoka. Mtu asiye na lugha mbili atadhani ni pambo. Sisi tunajua. Ibada zetu Tukuyu zilikuwa za Kiswahili, nyimbo za Kiswahili, Biblia ya Kiswahili, na Bibi alikuwepo kila Jumapili benchi la pili akiitikia yote. Lakini sala yake yenyewe, ile ya migombani, alisali kwa Kinyakyusa, akimwita Kyala, jina lililokuwepo mdomoni mwa watu wa Rungwe kabla wamisionari hawajapanda milima ile mwaka 1891. Kiswahili kilikuwa cha kumsifu Mungu mbele ya watu. Kinyakyusa kilikuwa cha kumuuliza.

Ndiyo maana sauti ile inatisha. Haitumii lugha ya mapepo. Inakuja na lafudhi ya mama yako, kwa koo lako, na kama ni uongo basi ni uongo unaojua ulipozaliwa. Glass anaibeba hali hiyo hadi ufukweni mwa bahari, Maud akijimwagia asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, na kuwasha kiberiti. Watu wanapiga magoti, mbawa zinang'aa mgongoni pake. Kisha, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, picha inabadilika tukaona alivyo hasa, ngozi inavyoungua, mdomo uliofunguka. Giza. Nimeiona mara nne na mara zote sikuwa tayari.

Kuna watu wa kanisa walioniambia filamu hiyo inamtukana Mungu. Sioni hivyo. Naona inamlilia mtu aliyekuwa na kiu ya kweli, na hakuwa na Bibi, hakuwa na kikundi cha akina mama cha Jumatano, hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia, dada, vua viatu, njoo ule kwanza.

*

A Dark Song, ya Liam Gavin wa Ireland, ya mwaka 2016, naitaja kwa ufupi ingawa naipenda sana. Mama aliyeuliwa mwanawe anapanga nyumba ya upweke Wales na kumwajiri mtu wa mambo ya siri, mkorofi, asiyeoga, amwongoze katika kafara na mifungo ya miezi mingi ndani ya duara la chumvi, ili amwite malaika wake mlinzi. Anasema anataka kusikia tena sauti ya mtoto. Kumbe anataka kisasi. Karibu filamu nzima ni watu wawili na sakafu iliyochorwa chaki, na wanaofika kwanza siyo malaika. Lakini mwishoni malaika anakuja. Yuko sebuleni, amevaa deraya, ana upanga, mkubwa kiasi kwamba imembidi apige goti ili aenee. Wengi walicheka ukumbini, nimesoma. Mimi nilitetemeka, kwa sababu kwa mara ya kwanza filamu ya kutisha ilinionyesha utakatifu ukiwa na uzito, kitu cha kuchewa. Kiswahili cha sasa kimelibakiza neno hilo, kucha, karibu kwa Mungu peke yake. Chui tunamwogopa, Mungu tunamcha. Yule mama anatazama juu na ombi alilolibeba miezi yote linabadilika mdomoni. Anaomba aweze kusamehe.

*

Lakini filamu iliyoingia nyumbani kwetu ni The Witch, ya Robert Eggers.

Ilionyeshwa Sundance Januari 2015 na ikampa Eggers tuzo ya uongozaji. Iligharimu kama dola milioni 4, kiasi ambacho kwa filamu kubwa za Marekani ni fedha ya chai, na ilipigwa msituni Ontario, Kanada, kwa nuru ya mawingu mchana na ya mishumaa usiku. Inahusu familia ya Wapuritani huko New England, miaka ya 1630. Baba, William, amebishana na wazee wa kijiji juu ya usafi wa imani, wamefukuzwa. Anaipeleka familia yake ukingoni mwa msitu na kujenga nyumba. Mahindi yanaoza. Binti mkubwa, Thomasin, anacheza na mdogo wao mchanga, Samuel, ule mchezo wa kuziba macho na kuyafunua. Anaziba, anafunua, mtoto anacheka. Anaziba, anafunua, mtoto hayupo. Nyasi tupu, na mbele msitu.

Nilipoliona hilo niliisikia ile mashine ya kunyolea ndevu.

Wapuritani waliamini kwamba Mungu amekwisha kuwateua watakaookoka kabla ya misingi ya dunia, na hakuna sala wala kazi inayoweza kubadili orodha. Waliishi wakijichunguza kila siku kwa dalili. Eggers, ambaye sehemu kubwa ya mazungumzo aliichukua katika shajara na kumbukumbu za mahakama za wakati ule, aliitendea haki imani hiyo kuliko mhubiri yeyote niliyemsikia: aliiamini kwa muda wote wa filamu. Mchawi yupo. Shetani yupo, amejificha katika beberu mweusi anayeitwa Black Phillip. Lakini kinachoibomoa nyumba ile kimeanza kabla ya beberu. Ni vitu vidogo. Baba ameuza kikombe cha fedha cha mkewe kwa siri, akaacha binti asingiziwe. Mwana, Caleb, anamdanganya mama kwamba walikwenda kutafuta tofaa, ili kumstahi baba. Na tofaa zima, limeng'atwa, ndilo linalomtoka kooni siku anayokufa. Thomasin anabaki peke yake, bila baba, bila mama, bila kijiji, bila kanisa. Shetani anapomuuliza anataka nini, hamwahidi kiti cha enzi. Anamuulizia ladha ya siagi na gauni zuri. Hajui kuandika jina lake, anashikwa mkono. Nani mwingine katika filamu nzima alimuuliza binti yule anataka nini?

Mwaka jana Mama alikuja Dar es Salaam kwa matibabu ya goti. Jioni zilikuwa ndefu, televisheni imemchosha, akanikuta naiangalia filamu hiyo kwa mara nyingine ili niandike. Akavuta kiti. Nikamwonya kwamba inatisha. Akasema yeye amezika watu wangapi, atishwe na nini. Basi nikawa namfasiria, kwa sauti moja kwa wote, wake kwa waume, kazi ileile ya yule mwinjilisti kando ya shuka.

Kuna mahali baba na Caleb wako msituni kuwinda, wakati Samuel ameshapotea. Baba anamsomesha mwana katekisimu, juu ya dhambi tunayozaliwa nayo. Kijana anaitikia vizuri, kama tulivyoitikia sisi. Kisha anatoka kwenye kitabu. Samuel hakubatizwa. Amekosa nini? Yuko motoni?

"Simamisha," Mama akasema.

Nikasimamisha. Baba na mwana wakaganda kati ya miti.

"Mtoto kauliza nini?"

"Ameuliza kama mdogo wake yuko motoni."

"Na baba yake kamjibu nini?"

"Kamwambia hajui. Kasema Mungu peke yake ndiye anayejua nani wake na nani siye."

Mama alikuwa akilisugua goti lake kwa kiganja, mbele na nyuma. Feni ilizunguka. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake.

"Mimi aliyekuja kuniambia alikuwa anajua," akasema. "Alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia. Mtoto wa siku kumi na moja, hajabatizwa, kanisa haliwezi kuja kuzika. Na akanieleza alikokwenda."

Nina miaka zaidi ya arobaini, na sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa na mdogo.

"Tulimzika sisi wenyewe, mimi, baba yako na bibi yako. Bibi yako akampa jina palepale, akammwagia maji. Halafu ikawa kila alasiri anakwenda kukaa naye. Ulikuwa humwoni? Hata chakula kikiwa motoni anakiacha, anasema mtoto asikae peke yake mpaka jioni."

Nilitaka kumuuliza jina. Nilitaka kumwambia habari za chungu cha maharage, na povu kwenye majivu, na mwiko juu ya kifuniko. Alikuwa ameshaugeuzia uso wake kwenye kioo.

"Haya, endelea," akasema. "Nataka kuona huyu kijana anafikia wapi."